Sony a6000 baada ya miaka mitatu ya sendofu na kipaimara: uzuri wake na ubaya wake

Wadau naandika hii kwa sababu kila mara kuna mtu ananiuliza nianze na kamera gani, na jibu langu ni lile lile, Sony a6000, ila huwa sipati muda wa kueleza na ubaya wake, mtu anaondoka kasikia mazuri tu afu akishanunua ndo anaanza kukutana na mengine. Hii kamera ilitoka 2014, ni ya zamani, najua. Yangu niliichukua mtumba pamoja na lenzi yake ya 16-50 (inavuta kutoka milimita 16 mpaka 50), huu mwaka wa tatu nafanya nayo kazi Dar na Tanga, sendofu, kipaimara, harusi za nyumbani, na siku isiyo na kazi natembea nayo tu.

Nianze na udogo maana ndo kitu kilichonifanya niipende. Bodi, yani kamera yenyewe bila lenzi, ikiwa na betri na kadi ndani ni gramu 344, na ile lenzi ukizima kamera inajirudisha yenyewe ndani inabaki unene wa kama sentimita 3, yani unaitia kwenye kipochi cha kawaida unapanda daladala hakuna anayejua umebeba nini. Ila faida kubwa sio ya mgongo, ni ya watu. Mwaka jana nilikuwa Tanga kwenye harusi, asubuhi uani wanawake wanapika, kuna bibi mmoja amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi. Nikamwamkia, nikamwomba nimpige picha, akaniambia "piga tu mwanangu", akaendelea na nazi yake. Kamera kubwa ninazoazimaga kwa rafiki yangu ukizinyanyua tu mtu anajitanda ushungi upya, anakaa wima, anatazama lenzi kama picha ya pasipoti. Huyu bibi alikuwa anaongea na mwenzake, machicha yamemganda kwenye kifundo cha mkono juu ya bangili, kifuu anakizungusha bila hata kukitazama. Hiyo picha wajukuu zake wameisafisha kubwa wameiweka sebuleni. Naamini kabisa isingepatikana na mashine ya kilo mbili.

Fokasi, yani kamera kulenga kitu kitoke wazi bila ukungu, ni kali mpaka leo. Ina pointi 179 za kulengea zimetapakaa karibu fremu nzima, na inapiga picha 11 kwa sekunde, kwa hiyo watoto wa kipaimara wakiwa kwenye maandamano wanakuja mbele yako unaweka fokasi ya kufuatisha unashikilia kidole, nyingi zinatoka safi. Ila ukishikilia sana kumbukumbu yake ya ndani inajaa, inaanza kuandika kwenye kadi taratibu na muda huo huwezi hata kurudi kuangalia ulichopiga, subira inahitajika. Fokasi ya jicho, inayotafuta jicho la mtu yenyewe, ipo lakini imefichwa, lazima uingie kwenye menyu uipe kitufe chake, na inafanya kazi kwa mtu aliyetulia tu, sio anayetembea. Kile kidirisha cha kuchungulia nacho kinakuonyesha picha itakavyotoka kabla hujabonyeza, kama sura ya mtu inazama kwenye giza unaiona palepale unaongeza mwanga, na kwa ngozi zetu hizi ndani ya ukumbi wenye taa za zambarau na bluu hicho kitu kimeniokoa mara nyingi sana.

Sasa hapo kwenye ukumbi ndo penye shida yenyewe, naomba msome vizuri. Lenzi inayokuja na kamera ukiivuta mpaka 50 tundu lake la kupitisha mwanga linaishia f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo ndo tundu linakuwa kubwa). Harusi yangu ya kwanza ya usiku muda wa kulishana keki nilikuwa ISO 6400 (ISO ni kamera kuongezewa uwezo wa kuona gizani, ukiipandisha sana zinaingia chenga), shata 1/60, yani inafunguka kwa sehemu moja ya sitini ya sekunde, na bado mikono ya bwana harusi ikatoka ina ukungu na nguo nyeupe imejaa chenga chenga. Nilirudi nyumbani nimenyong'onyea nikijua kamera imenishinda, nikaanza kutafuta hela ya kununua bodi mpya. Kaka mmoja aliyenitangulia kwenye kazi hii akanizuia, akanipa lenzi yake ya Sigma ya milimita 30 yenye f/1.4 nikajaribie. Kutoka f/5.6 mpaka f/1.4 mwanga unaoingia ni mara 16, kwa hiyo palepale palipokuwa panadai ISO 6400 na 1/60 sasa napiga ISO 800 na 1/125. Bodi ni ile ile! Chenga zimepotea, shanga kwenye gauni unazihesabu. Ndo maana nasisitiza, kama una hela ya kuongeza weka kwenye lenzi kwanza, bodi itasubiri. Haivuti hiyo, inabidi usogee mwenyewe kwa miguu, na haina kituliza mtikisiko na bodi pia haina, kwa hiyo mkono utulie, ila hayo ni ya kuzoea.

Flashi yake ndogo inayochomoza juu ina siri moja nzuri, ukiirudisha nyuma kwa kidole ukaishikilia inatazama dari, kwenye chumba chenye dari jeupe la chini mwanga unarudi laini usoni. Ukumbi wenye paa la juu usijisumbue.

Betri. Kwa vipimo vya kampuni ni kama picha 310 ukichungulia kwenye kidirisha na 360 ukitumia skrini, na sherehe moja inazimaliza hizo kabla hata ya chakula. Mi natembea na betri nne. Afu boksi halina chaja ya pembeni, betri inachajiwa ikiwa ndani ya kamera, na kamera lazima iwe imezimwa, kwa hiyo kununua chaja ya nje ni lazima. Mfuniko wa betri na kadi uko chini, ukifunga kile kibati cha stendi unazibika, kila ukibadili betri unafungua skrubu watu wanakusubiri.

Kingine ni mlio. Haina shata ya kimya kabisa. Kanisani padri amenyamaza, waumini wamepiga magoti, wewe unatoa "kacha" watu wanageuka. Muda wa mageuzo, padri anapoweka wakfu mkate na divai, mi naishusha kamera kifuani sipigi, sio haki kuwavuruga watu wanaosali kwa ajili ya picha.

Vidio ni 1080 tu, hakuna 4K ile yenye ubora wa juu zaidi, hakuna tundu la kuchomeka maiki ya kawaida, na skrini inainama juu na chini lakini haigeuki ikutazame, wala haiguswi. Mtu wa kujirekodi akiongea asiichukue, kabisa. Na haina kinga ya mvua wala vumbi, ukitoa lenzi sensa, kile kioo cha ndani kinachonasa picha, iko wazi, mi nabadilishia ndani ya gari au nyuma ya mlango uso wa kamera ukitazama chini.

Ukienda kununua mtumba iwashe kwanza uangalie lugha, maana zilizotengenezwa kwa soko la ndani la Japani menyu yake ni Kijapani tu na huwezi kubadili. Piga ukuta mweupe kwa f/16 uangalie madoa ya sensa, washa na zima lenzi mara kumi usikilize kama inakwama, fungua mfuniko wa betri uone kutu kwenye vishikio. Na beba kadi yako mwenyewe, picha za majaribio uende ukaziangalie kwenye kompyuta kabla hujatoa hela.