Fimbo mbili za mwanzi: yenye jina na isiyo na jina

Mwaka jana shemeji yangu anayeishi Uingereza alikuja likizo na fimbo mbili kuukuu za kuvulia trauti, za mwanzi. Moja nilimwagiza: ya kampuni ya Hardy, futi 9, vipande vitatu, pauni 140 kwa muuzaji wa vitu vya kale. Ya pili aliipata mnadani kwa pauni 25, futi 7 na nusu, vipande viwili, haina jina popote. Akanikabidhi akicheka, "Hii ya kuvunja ukijifunza." Nimezitumia zote mto Ragati, hapa Kenya, kwa miezi minane sasa.

Nianze na Hardy, maana ndiyo iliyoninyima usingizi. Muuzaji aliitangaza kama "modeli ya Palakona". Hapo tu ningeshtuka. Palakona ni jina la kibiashara ambalo Hardy wa Alnwick waliupa mwanzi wao wa papi zilizogundishwa, na utalikuta kwenye fimbo zao chungu nzima. Jina la modeli ni lingine, nalo huandikwa juu ya kishikio pamoja na namba ya fimbo. Yangu ilikuwa na namba na maandishi ya wino yanayosomeka, kwa hiyo nikashangilia kabla sijashika futi ya kupimia.

Jioni nikavilaza vipande vitatu sambamba mezani. Kitako inchi 37. Cha kati inchi 37. Ncha inchi 33 na nusu. Fimbo ya aina hii vipande vyake hulingana, kwa hiyo ncha iliwahi kuvunjika, mtu akaifupisha na kubandika pete mpya ya kupitishia mshipi juu yake. Pete yenyewe ilikuwa nene kuliko ncha ilivyostahili, na gundi ya kisasa imevimba pembeni. Nilipomwandikia muuzaji akajibu kwamba ncha "hupungua kidogo kwa umri". Jamani, mwanzi si mzee wa miaka tisini.

Kuna jambo la pili nililoligundua kwa kidole. Fimbo hizi hutengenezwa kwa papi sita za pembetatu, kwa hiyo ukiipapasa unatakiwa kusikia kona sita kali kiasi. Za kwangu zilikuwa butu kama sabuni ya wiki mbili. Kuna aliyeipiga msasa ili vanishi mpya ishike vizuri. Nguvu ya mwanzi iko kwenye nyuzi zilizosongamana chini ya ganda la nje, ndani ni nyama laini tu. Ukisugua nje umekula uhai wa fimbo, hata ikimeremeta vipi.

Ile isiyo na jina niliikagua bila matumaini. Nilifumba jicho moja nikaitazama kwa urefu wake kama fundi anayekagua ubao: imepinda kidogo karibu na ncha, si kibiongo. Nikaigongagonga kwa ukucha kila inchi chache. Gundi ikiwa imeachia utasikia mlio mkavu, wa papi mbili zinazogongana. Kimya. Nikaiunga na kuitikisa polepole, kiungo hakikutoa sauti. Na nilipokichomoa kilitoa ule mlio wa "pop" kama chupa inayofunguliwa, yaani dume (upande unaoingia) na jike (upande unaopokea) bado vinashikana vilivyo. Kona kali. Vipande sawasawa. Nadhani ilitoka Redditch, Uingereza, kwa sababu viwanda vya mji huo vilitengeneza fimbo nyingi zilizouzwa kwa majina ya maduka, lakini siwezi kuapa. Haina ile alama ya # na namba ya mshipi, yaani uzito wa mshipi unaoifaa fimbo, mfumo ulioanza 1961, na hilo peke yake halithibitishi umri. Nilijaribu mshipi namba 6 ikalegea kama kamba ya nguo zilizolowa. Namba 5 ikakaa sawa.

Mzee mmoja wa Karatina alinikuta nikiiunga kando ya njia. "Kijana, Nyandarua imejaa mianzi, wewe unaagiza wa Wazungu?" Nikamwambia na huo wa Wazungu ulitoka China, mkoa wa Guangdong. Akatingisha kichwa akaenda zake. Sikupata nafasi ya kumwambia kwamba na trauti wenyewe waliletwa: mlowezi Ewart Grogan aliwaagiza kutoka Loch Leven, Uskoti, mwaka 1905, wakatiwa mto Gura.

Mtoni, siku ya kwanza nilitia aibu. Nimezoea fimbo ya kaboni, nikawa narusha haraka kama nafukuza nyuki, mshipi ukiniangukia begani. Mwanzi unataka usubiri. Unarusha nyuma, unatulia hadi usikie uzito umefika kiganjani, ndipo unasukuma mbele. Ragati ni mwembamba na vichaka vimeinama juu ya maji, hivyo sirushi zaidi ya mita saba, na hapo fimbo fupi inakuwa na raha yake. Trauti wa kwanza, urefu wa shubiri moja hivi, alipiga nzi bandia chini ya mzizi, nikamsikia hadi kwenye kiwiko. Kwenye kaboni samaki wa kimo hicho namvuta tu kama jani.

Hardy ina gramu 171 kwenye mizani ya jikoni, hii nyingine 109. Baada ya saa mbili mkono unajua tofauti.

Matunzo: usiache fimbo kwenye gari lililoegeshwa juani, gundi za zamani huogopa joto. Ifute kabla ya kuirudisha mfukoni, na mfuko ukilowa uanike. Kiungo kikigoma usikizungushe, kivute moja kwa moja. Kikiwa kikavu, lipitishe dume pembeni ya pua yako, mafuta ya ngozi yanatosha. Mke wangu alinikuta nikifanya hivyo sebuleni, na mpaka leo hajanielewa.

Hardy nimeitundika ukutani kwa kitanzi cha mfuko wake. Nimeuliza bei ya kutengenezewa ncha mpya: pauni 160.