Kipima ulevi cha mkononi: kifaa ni kizuri, karatasi yake inapotosha

Kwa miezi minne sasa tumekuwa tukitumia kipima ulevi kidogo cha mkononi katika bustani yetu ya vinywaji iliyoko ufukweni, nje kidogo ya jiji la Mwanza, na kwa kuwa wenzangu kadhaa wenye biashara za namna hii wameniuliza kama kinafaa, nimeona niwajibu wote kwa pamoja. Nilikinunua kwa shilingi 95,000 katika duka la vifaa vya magari katikati ya jiji. Chapa siitaji, kwa sababu kifaa hichohicho nimekiona madukani kikiwa na majina matatu tofauti.

Ukubwa wake ni kama wa rimoti ya televisheni. Kinatumia betri mbili ndogo, kinakuja na mirija mitano ya kupulizia, na mtu anapaswa kupuliza mfululizo kwa sekunde tano hivi hadi kilie. Kabla ya kulipa, hakikisha unauziwa chenye kihisi cha kielektrokemia (kwa Kiingereza "fuel cell"), kwa maana vile vya bei ya chini hubabaishwa na gesi nyingine zisizo za pombe. Chetu nilikijaribu mwenyewe: mara tu baada ya kumeza bia ya mwisho ya chupa moja ya nusu lita kilionyesha 0.15 (yaani gramu za pombe katika mililita 100 za damu), na baada ya dakika ishirini kikashuka hadi 0.03. Hakikukosea. Pombe iliyobaki mdomoni ndiyo huleta ile namba ya kutisha, na ndiyo maana mpimwaji anapaswa kusubiri walau dakika kumi na tano baada ya kunywa.

Tatizo langu ni karatasi ya maelekezo, ambayo mwagizaji ameitafsiri kwa Kiswahili na kuibandika ndani ya boksi. Inasema kwamba mtu akiwa chini ya 0.05 yuko salama, na kwamba sheria haihusu boti, baiskeli wala chombo kilicho ndani ya eneo binafsi. Kwanza, kikomo cha Tanzania ni miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu, yaani 0.08 kwenye kioo cha kifaa. Pili, na hili ni zito zaidi, Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, haikuishia kwenye namba: kuendesha ukiwa umelewa kiasi cha kushindwa kukimudu chombo ni kosa linalojitegemea.

Nilielewa uzito wa jambo hilo siku mzee mmoja alipotuletea mchanga kwa powatila, lile trekta dogo la magurudumu mawili, yenye tela. Aliposhusha mzigo alipumzika kwa bia, kisha akainuka kuondoka. Nikamwomba apulize, naye akaniambia kwa upole, "Bosi, hiki si gari, na hapa si barabarani." Kifaa kikasoma 0.06. Kwa karatasi ile amezidi. Kwa kikomo chetu hajazidi. Lakini alipojaribu kurudi nyuma alilipeleka tela kwenye shina la mwembe mara mbili, huku watoto wa wageni wakicheza hatua chache kutoka hapo. Nikamwambia, "Mzee wangu, lete funguo, kijana wetu atakupeleka na bajaji." Alinuna, ila alikubali.

Hoja yake kwamba tuko ndani ya geti inastahili kujibiwa vizuri, kwa sababu wateja wengi huitoa. Geti letu liko wazi tangu asubuhi hadi usiku na yeyote anaingia bila kuulizwa. Kwa majirani zetu wa ng'ambo ya ziwa, sheria ya barabarani ya Kenya inahesabu kuwa barabara hata maegesho, gati na njia ya miguu, mradi magari yanaweza kupita na umma unafika hapo. Mahakama ya Uingereza nayo iliamua mwaka 1947 kwamba maegesho ya nyuma ya baa ni mahali pa umma. Shamba lililozungushiwa uzio ambalo hakuna apitaye ni habari nyingine, lakini maegesho ya bustani ya bia si shamba.

Kuhusu vyombo visivyo vya kawaida, karatasi ile ingechekwa na Waingereza wenyewe, ambao tangu mwaka 1872 wana sheria inayomtia hatiani mlevi aliyeshika farasi, ng'ombe au mtambo wa mvuke kwenye njia ya umma (wenye mikokoteni ya ng'ombe huku Usukumani washukuru kwamba sheria hiyo haikusafiri). Huko Minnesota, Marekani, mwaka 2008 mtu alitoka baa akiendesha kiti cha sebuleni alichokifunga mashine ya kukatia nyasi, akagonga gari lililoegeshwa, na alipopimwa alikutwa na 0.29. Alishtakiwa kama dereva mwingine yeyote.

Kwetu ziwani kinachonihusu zaidi ni boti. Vyombo vya majini viko chini ya TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania), si trafiki, lakini Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 233, inamgusa anayeendesha chombo cha majini kwa uzembe unaohatarisha maisha ya watu, sawa na aendeshaye gari au apandaye chochote kwenye njia ya umma. Hapo ndipo kifaa kilipolipa gharama yake. Nahodha wetu alikunywa bia sita kati ya saa moja jioni na saa sita usiku, akalala, na saa kumi na mbili asubuhi, akiwa amenyoa na kunywa supu ya sato, alisoma 0.05. Mwili hupunguza takribani 0.015 kwa saa, na supu haiuharakishi. Wageni wa safari ya asubuhi walisubiri nahodha mwingine, na walilalamika.

Kasoro nyingine ni kwamba kifaa cha aina hii huhitaji kusawazishwa, yaani kurekebishwa ili kisome sahihi, kila baada ya miezi sita hadi kumi na miwili, na muuzaji alikiri hana chombo cha kufanyia kazi hiyo. Mirija ya akiba nayo nimeagiza Dar es Salaam. Wala namba yake haitamsaidia mteja mbele ya trafiki, ambaye atatumia kipimo chake mwenyewe.

Hata hivyo ningekinunua tena. Karatasi nimeichana, na wafanyakazi wote wanaoshika usukani, usukani wa boti ukiwamo, tumewawekea kikomo chetu cha 0.00. Kifaa kinakaa kwenye droo ya kaunta pamoja na funguo za bajaji, na anayezitaka hupuliza kwanza, mimi nikiwamo.