Uzi wa alpaka wa shamba la familia: nimemfumia bimkubwa shali

Assalamu alaykum wapenzi wa kufuma. Huu uzi nishaumaliza wote na shali ishafuliwa mara tatu, ndo maana leo naweza kuuzungumza vizuri. Dada yangu anakaa Uingereza, na huko kuna familia moja, mke na mume na watoto wao, wana shamba dogo wanafuga alpaka kwa ajili ya manyoya, sasa alikwenda kutembea na wanawe akaniletea hapa Wete mafungu manne ya gramu 100.

Kwa asomjua, alpaka asili yake ni milima ya Andes, Peru na Bolivia huko, jamaa yake ngamia ila yeye mdogo na mwili mzima manyoya. Ananyolewa mara moja tu kwa mwaka, anatoa kama kilo mbili tatu hivi, na hapo ya miguuni na tumboni ni magumu hayafai uzi mzuri. Bei ni pauni 14 kwa fungu moja, karibu elfu 50 yetu, na mie niliposikia nilistuka, lakini ukishajua mnyama mmoja anatoa kiasi gani na kazi yote ile ya kuchambua na kuosha na kusokota utafahamu.

Kilichonifurahisha khasa ni lebo, imeandikwa jina la alpaka alonyolewa. Rangi ni kahawia yake ya kuzaliwa, haikutiwa dawa. Ila angalia hapa: mafungu matatu ni ya alpaka mmoja na la nne ni la mwenziwe, ndani ya nyumba huoni kitu, ukitoka juani rangi zinapishana. Nikawa nafuma mstari huu kwa fungu hili mstari wa pili kwa fungu jengine mpaka mwisho na alhamdulillah haijulikani. Na haukuja bonge, umekuja umepindwa kama kamba, lazima ukunje mwenyewe, binti yangu alikaa kaushika mikononi saa nzima. Vijani vikavu viwili vitatu nilivikuta ndani, hivo havinishughulishi.

Sasa ulaini. Bimkubwa wangu sufu ya kondoo haiwezi kabisa, aliwahi kuletewa sweta ikamuwasha shingoni hata siku mbili hakuivaa. Hii anajitanda shingo tupu na hajalalamika hata mara moja. Nyepesi mkononi lakini joto lake si mchezo. Kipupwe kilichopita, ule upepo wa kusi wa mwezi wa saba, akimaliza sala ya alfajiri anajifunika mabegani anakaa nayo na tasbihi yake mpaka jua litoke, na magoti je, anasema joto likikaa mgongoni na magoti yanapoa maumivu. Mie kwa hilo tu hela imerudi.

Lawama yangu moja na ni kubwa. Lebo ina jina la mnyama lakini haina maelezo ya kufua! Nilifua kwa maji baridi na shampuu kidogo, hapo sawa, kisha nikaianika kwenye kamba kama khanga, jioni naitoa imerefuka shibiri nzima, nililia wallahi. Dada akawapigia simu wakamwambia alpaka hana ule mvuto wa kondoo wa kujirudisha, ukirowa unazidi uzito na unanyooka, ilazwe juu ya taulo kivulini uivute irudi umbo lake. Nimeirowesha tena nikafanya hivo, imerudi, si yote lakini imerudi. Maneno mawili kwenye lebo yangeniepusha na yote haya.

Kwa hiyo usiufumie kofia wala vitambaa vya makochi wala mkoba, kitu chochote kinachotaka kusimama hakifai. Shali, skafu, blanketi la mtoto wa ndugu alieko baridini, hapo ndo penyewe. Na nondo wanaupenda kama sufu nyengine yoyote, mie nimeifunga kwenye kitambaa cha pamba na karafuu kavu ndani ya kasha, mpaka leo haijatobolewa, na ina harufu nzuri mno.

Dada anakuja tena Disemba, nimemuagiza mafungu mawili ya kijivu, na nimemwambia asome majina kwenye lebo kwanza, yawe ya alpaka mmoja.