Niliomba makuti makavu, wakaninyolea minazi

Mafundi niliowaita kukata makuti ya minazi, kwa usafi wapewe haki yao. Uwanja waliufagia, makuti wakayapanga ukutani, hata karara moja kavu, lile ganda la maua ya mnazi, hawakuacha chini. Jirani alipita akanisifu kuwa nimepata mafundi. Nilipoinua macho juu ndipo nguvu zikaniisha.

Minazi mitano aliyoipanda marehemu baba hapa Wete, yote imebaki na makuti sita, saba, yamesimama wima kama mswaki. Na mimi niliomba makavu tu, yale yanayoning'inia, maana moja liliangukia bati la jikoni usiku wa manane watoto wakaamka wanalia. Nikamuuliza mkubwa wao, haya mabichi yamewakosea nini? Akanijibu huku anafuta panga: "Bi mkubwa, mnazi kama kichwa, ukinyolewa ndio unapendeza."

Kichwa! Nywele wiki mbili zimesharudi. Mnazi hutoa kuti jipya moja kwa mwezi, au zaidi kidogo, na kila kuti lina karara lake kwapani. Kuti bichi ndilo linaloulisha mnazi, na kole, yaani shada la nazi, likijaa, kuti hilo ndilo linalolibeba. Na tangu karara lipasuke mpaka nazi ikomae ni karibu mwaka mzima, kwa hiyo hasara hii nitaila kidogo kidogo, kole kwa kole. Nilipomwambia hayo akasema wanawake hatukwei, tutajulia wapi. Nikanyamaza kwa kuwaonea haya majirani. Mpaka leo najuta.

Lililonimaliza hasa ni maji moto, wale sisimizi wekundu wa mitini. Viota vyao vilikuwa katika minazi miwili ya kisimani. Walipomng'ata yule mkubwa wao, akavipulizia dawa vyote, wala hakuna aliyemtuma! Baba alikuwa akifunga kamba kutoka mnazi hadi mnazi ili maji moto wavuke, kwa sababu ndio wanaomfukuza yule mdudu anayefyonza vidaka, yaani nazi changa. Sasa kila asubuhi naokota vidaka chini, vina makovu na utomvu umeganda. Zamani sikuwa naokota hivi.

Nilianza kuandika nikiwa na nia ya kusema waiteni, ila simameni chini muwaonyeshe kuti kwa kuti. Naifuta kauli hiyo. Msiwaite. Mtu asiyejua kuti bichi na kuti kavu hana la kufanya juu ya mnazi wa mtu.

Isipokuwa yule kijana mdogo aliyekuwa akikusanya makuti. Alirudi kesho yake peke yake, akaniomba radhi, akaniletea kiota cha maji moto ndani ya kiroba kutoka mikarafuu ya kwao, mikono imevimba kwa kung'atwa. Akakwea kwa kamba ya miguuni, akakifunga juu, na pesa akakataa. Huyo Mungu amlipe. Jana jioni nimewaona wachache wanapita kwenye kamba ya baba.