Matairi ya gari kwa barabara za Dodoma: lipi kwanza, lipi mwisho

Niliwahi kununua matairi manne ya mtumba, kashata (ule mpira wenye mifereji unaokanyaga barabara) nene, meusi yanang'aa. Mwezi wa kumi, saa nane mchana, nimeshaipita Kibaigwa naelekea Gairo, la nyuma kushoto likapasuka. Fundi pancha akalisugua ubavuni kwa kitambaa, akanionyesha namba nne: 3411. "Bosi, hili ni la wiki ya 34, mwaka 2011." Kashata zilikuwepo. Mpira ndio ulikuwa umekufa zamani.

Tangu siku hiyo naanza na tarehe, jina la kampuni baadaye. Jua letu na lami inayochemka havina huruma na mpira mzee.

Namba moja: HT mapya, yaani matairi ya lami. Kama safari zako ni nyumbani Kisasa, kazini Mtumba (ile ya wizara, si ya matairi), na Dar mara moja moja, haya yanakutosha. Hayana kelele, hayali mafuta, na yanashika vizuri lami ikilowa. Mengi yameandikwa ubavuni TEMPERATURE A, B au C. Kwa joto la huku chukua A. Soma na saizi yote mpaka mwisho. Kwenye 195/65R15 91H, watu huishia kwenye 15 ambayo ni inchi za rimu, wakati ile 91 ndiyo inayosema tairi linabeba kilo 615. Ukiuziwa lenye 82, linabeba kilo 475 tu. Sasa pakia Noah abiria saba na magunia ya karanga, uone.

Namba mbili: AT, yaani matairi ya lami na vumbi pia. Hizi ni za mwenye shamba la zabibu Hombolo, au anayeingia vijiji vya Chemba na Mpwapwa kila wiki. Kashata zake ni nene, mbigili na miiba ya migunga haifiki ndani kirahisi, na kokoto haziukati mpira haraka. Utalipia kwa mvumo na mafuta kidogo. Kama nusu ya safari zako si vumbi, baki na HT. Na mwenye gari dogo kama IST asilazimishe tairi kubwa ili gari linyanyuke. Likikata kona litakwaruza madigadi.

Namba tatu ni mapya ya bei nafuu yenye majina ambayo hujawahi kuyasikia. Wengi huyacheka. Mimi nayachukua mbele ya mtumba lenye jina kubwa, mradi saizi na uzito vilingane na gari na hukimbizi sana.

Mtumba ni namba nne, na kwa masharti: lisizidi miaka mitano, ubavu usiwe na nyufa wala kiraka, na muuzaji akuruhusu kulikagua ndani kabla halijavishwa rimu. Akikataa, ondoka.

MT nimeziweka mkiani. Zimetengenezewa matope, na labda masika kwenye mbuga za Bahi utazishukuru. Kwenye lami zinanguruma na kuisha upesi.

Ukiwa na hela ya mawili tu, yafunge nyuma, hata kama gari linavuta mbele. Mafundi wengi watakubishia. Ukweli ni kwamba tairi la nyuma likiteleza kwenye maji, gari linazunguka, na hapo usukani haukusaidii.

Upepo pima asubuhi gari halijatembea, ukifuata kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Mchana kipimo kitapanda kwa joto; usipunguze. Tairi lenye upepo mdogo ndilo linalojikunja, likachemka, likapasuka.

Halafu fungua buti, usome namba za spea nayo. Yangu siku ile ya Gairo niliikuta haina upepo.