Mzingile wa mahindi Moshi: nendeni, ila ramani mchore wenyewe

Nawapa nyota tatu kati ya tano, na ya tatu ni ya babu mlinzi peke yake.

Nafundisha jiografia kidato cha tatu hapa Moshi. Anayefundisha somo hili anaijua tabu ya mada ya usomaji wa ramani. Mwanafunzi anakukaririshia skeli ni nini, anapata alama zote, halafu ukimpa ramani ya mtaa anaokaa anaishika kichwa chini miguu juu na wala haoni shida. Kwa hiyo mzazi mmoja aliponiambia kuna shamba huko chini, ukishapita Mabogini, wametengeneza mzingile wa mahindi, yaani vijia vya kupotezana vilivyofyekwa ndani ya mahindi, na wanapokea vikundi, sikujiuliza mara mbili. Jumamosi moja ya Julai nikapakia wanafunzi 34 kwenye Coaster, na dira tano za shule, moja ikiwa sindano yake imegoma tangu enzi za mkuu wa shule aliyestaafu.

Nilitaka wacheze orientiringi: unapewa ramani na dira, unatafuta vituo kwa mpangilio, unaweka alama kwenye kadi yako, mwenye muda mfupi ndiye mshindi. Njiani niliwaambia kwamba mashindano ya kwanza ya wazi ya mchezo huu yalifanyika Norwe mwaka 1897, na kwamba mizingile ya mahindi ya siku hizi ilianzia Pennsylvania, Marekani, mwaka 1993. Kijana wa kiti cha nyuma akauliza, "Aisee Madam, yaani Wazungu wanalima mahindi ili wapotee?" Coaster nzima ikacheka, historia ikaishia hapo.

Nianze na sifa, maana zipo. Mzingile ni wa ekari mbili hivi na umepandwa na mtu anayeijua kazi yake. Kijana msimamizi alinieleza kwamba walipanda mistari ya sentimita 75 kama shamba lolote, kisha wakarudi wakapanda tena kwa kukatiza ile ya kwanza. Mahindi yalipofika magotini ndipo wakafyeka njia kwa kufuata mchoro. Tofauti unaiona ukichuchumaa. Kwenye shamba la kawaida ukitazama katikati ya mistari unaona miguu ya watu hadi mwisho wa shamba. Hapa huoni kitu, ukuta ni ukuta. Mimi si mfupi, lakini mbelewele zilikuwa juu ya kichwa changu mkono mzima. Vyoo visafi, maji ya kunawa yapo, kiingilio 5,000 kwa mwanafunzi na mwalimu anaingia bure. Mahindi ya kuchoma getini ni 1,000, ya moto kweli.

Sasa ramani. Niliomba nitumiwe wiki moja kabla, nikapata picha ya karatasi iliyotolewa kopi ya kopi. Haina mshale wa kaskazini. Haina skeli. Na juu ya karatasi wameweka geti, kwa sababu mchoraji alianzia getini, juu ya karatasi, akachora kushuka chini. Geti liko kusini mwa shamba! Nilipomuuliza msimamizi akanijibu kwa upole, "Mwalimu, wageni wetu huwa hawaulizi kaskazini, wanauliza njia ya kutokea." Hapo sina ugomvi naye, kwa familia inayokuja kutembea inatosha. Lakini tangazo lao linasema wanaandaa michezo ya ramani kwa shule, na hilo silo.

Ikabidi niende Alhamisi jioni na kamba ya mita 50 nikapime mwenyewe. Nikachora kwa skeli ya 1:500, sentimita moja kwenye karatasi ni mita tano chini, shamba lote likakaa kwenye karatasi moja ya A4. Pembetatu mahali pa kuanzia, duara kwa kila kituo, duara mbili, moja ndani ya nyingine, mahali pa kumalizia, kama ramani za mchezo huu zinavyochorwa popote duniani. Njia mbili za kwenye mchoro wao sikuziona kabisa, mahindi yalishaota tena yakaziba.

Vituo pia nilivileta mimi. Vibao vyao vilikuwa kumi, vyote vyekundu, vyote bila namba, kwa hiyo mtoto akikiona kibao hajui kama ndicho anachokitafuta au ni cha mwenzake. Nilishona vibendera vya kitambaa, nusu rangi ya chungwa nusu nyeupe, kila kimoja nikakiandika namba na kukifungia kalamu ya nta ya rangi yake. Kwenye mashindano makubwa hutumia kitobozi chenye pini zilizopangwa kwa muundo tofauti kila kituo, au kadi ya kielektroniki. Kalamu ya nta ya shilingi mia tano inafanya kazi hiyohiyo: rangi ikiwa si sahihi, hukufika.

Tukaanza saa tatu na nusu, wawili wawili, kila jozi dakika mbili baada ya nyingine. Na hapa niseme ukweli, dira hazikutumika sana. Ukiwa huku chini kwetu, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, iko kaskazini moja kwa moja. Mtoto akifika kwenye njia panda anainua shingo, akiuona mlima juu ya mbelewele anageuza ramani, anaendelea. Miaka miwili ubaoni nimewaeleza maana ya kuelekeza ramani, na siku hiyo niliwaona wakiifanya bila hata kujua jina lake. Jozi ya kwanza ilimaliza vituo kumi kwa dakika 21.

Saa nne na robo wingu likaufunika mlima. Wote mnaujua mlima wetu, ukishajifunika umejifunika. Ndani ya dakika tano nikaanza kusikia majina yakiitwa kila upande wa shamba, na filimbi moja.

Babu mlinzi alikuwa amekaa na mimi kwenye benchi. Nilimwamkia asubuhi, akaitikia marahaba, akanyamaza tangu hapo. Sasa akanyanyuka, akaenda mdomoni mwa njia, akapaza sauti, "Wajukuu! Tazameni maji! Maji yanatoka mlimani!" Basi. Akarudi kukaa.

Mifereji ya kumwagilia inakatiza ule mzingile sehemu nne, na mwalimu mzima nilikuwa nimeichora kwenye ramani kama mapambo. Maji yanakuja kutoka kaskazini kwenda kusini. Binti mmoja akadondosha jani la mhindi kwenye mfereji, akalitazama linakoelekea, akageuza ramani yake mgongo kwa jani, akaondoka. Nilimwona kwa macho yangu. Nimeshaiweka kwenye andalio la somo.

Hayo maji ndiyo lalamiko langu la pili. Usiku wa kuamkia siku yetu walimwagilia. Shamba ni lao na zamu ya maji ikifika haisubiri mgeni, naelewa, lakini simu moja ingetosha nikawaambia watoto wavae ndala. Viatu vya shule 34 vilirudi na udongo mweusi ambao hautoki kwa brashi. Mama mmoja bado ananisalimia kwa mkato.

La tatu ni usalama. Shamba halina utaratibu wa kuhesabu wanaoingia na wanaotoka. Kanuni ya orientiringi ni kwamba hata ukishindwa njiani lazima uripoti mwisho, la sivyo watu watabaki wanakutafuta. Nilikuwa na daftari langu, na saa tano na nusu lilinionyesha 32. Wawili walikuwa wamechoka kutafuta kituo cha saba, wakakata ukuta wa mahindi moja kwa moja, wakatokea upande wa pili kwenye majaruba ya mpunga ya watu. Walirudi wakizunguka kwa barabara, matope hadi magotini, mmoja akanong'ona, "Madam, tulidhani tumemaliza." Upande ule hauna uzio hata wa kamba. Kwa wenye watoto wadogo hilo ni kubwa kuliko ramani.

Nimemwambia msimamizi yote haya, hakununa. Ameomba abaki na ramani yangu, nimempa, na ameahidi kuweka kamba upande wa mpunga. Mabua yanakatwa Agosti yanakwenda kwa ng'ombe, kwa hiyo mwenye nia awahi. Sisi tunarudi na mkondo B Jumamosi ya mwisho ya mwezi, kwa ndala, na nimeshapiga simu kuuliza zamu ya maji ni lini.