Mwaka na nusu na kitabu cha bluu cha sarufi ya Kiingereza: uzoefu wangu

Kilichonifanya nitafute kitabu hiki ni sentensi moja niliyoiandika kwenye faili la mgonjwa. Mimi ni muuguzi katika hospitali moja mkoani Tanga. Wodini tunazungumza Kiswahili kuanzia tunapoingia mpaka tunapotoka, lakini ripoti tunaziandika kwa Kiingereza. Asubuhi ile nilikuwa nakabidhi zamu ya usiku, nikawa nimeandika: "The patient was vomiting since midnight." Sista kiongozi wa wodi, mama mtu mzima ambaye sote tunamheshimu, akaisoma mara mbili, akaniuliza, "Mwanangu, bado anatapika au ameacha?" Nikamwambia bado. Akasema, "Hapa hujaniambia hivyo."

Maneno yake yalinikaa moyoni. Njeo za Kiingereza, yaani maumbo ya kitenzi yanayoonyesha wakati, nilifundishwa miaka minne ya sekondari. Orodha za vitenzi tuliziimba darasani, go, went, gone, mpaka tukaweza kuzitaja tukiwa nusu usingizini. Nilijua maumbo yote. Nisichokijua ni lini nitumie lipi, na kwa mgonjwa anayetapika jambo hilo si dogo, maana daktari ataamua kuhusu dripu kwa kusoma nilichoandika.

Kitabu chenyewe ni English Grammar in Use cha Raymond Murphy, kinachochapishwa na Cambridge University Press. Kilitoka mara ya kwanza 1985 na kimefikia toleo la tano, la 2019. Changu ni toleo la nne, la 2012. Nilikinunua Dar es Salaam kwa muuza vitabu vya mtumba, shilingi 15,000. Mwenyewe wa kwanza alikuwa ameshajaza kwa kalamu masomo kadhaa ya mwanzo, ikabidi niyafunike kwa karatasi nilipokuwa nayafanya. Usiogope kuchukua toleo la zamani kidogo, kwa sababu njeo hazibadiliki kila mwaka. Ila hakikisha jambo moja kabla hujatoa hela: kipo chapa chenye majibu na kipo kisicho na majibu. Anayejifunza peke yake nyumbani achukue chenye majibu. Bila majibu utafanya zoezi zima, ufurahi, na usijue kwamba umelikosea.

Mpangilio wake ndio uliofanya nisikiache. Kuna masomo 145, na kila somo ni kurasa mbili tu zinazotazamana. Kushoto ni maelezo, yamekatwa vipande A, B, C, D. Kulia ni mazoezi. Ukikwama kwenye zoezi huhitaji kufungua ukurasa mwingine, unageuza macho tu. Kwa mtu anayetoka zamu amechoka, hilo ni jambo kubwa. Njeo zimewekwa mwanzoni kabisa, masomo 25 ya kwanza, yaani zilizopo, zilizopita, hali timilifu (ile ya "have") na zijazo. Nyuma kuna jaribio fupi la kuchagua majibu, ambalo linakuonyesha masomo unayoyahitaji. Nililifanya siku ya kwanza. Karibu kila kosa langu liliangukia kati ya somo la 7 na la 14, panapofundishwa hali timilifu na tofauti yake na wakati uliopita. Kwa hiyo sikuanzia ukurasa wa kwanza. Nilianzia pale palipokuwa panauma.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike haya. Kitabu kimeandikwa kwa mwanafunzi yeyote wa dunia hii, Mjapani, Mbrazili, Mturuki. Hakijui kwamba wewe unawaza kwa Kiswahili. Miezi miwili ya kwanza nilijaza mazoezi, nikapata alama nzuri, kisha nikarudi wodini na kuandika makosa yaleyale. Mambo yalianza kubadilika nilipochukua kaunta buku na kuandika kila sentensi ya zoezi kwa Kiswahili pembeni, nikipigia mstari kile kiambishi cha wakati: -na-, -li-, -me-, -ja-, -ta-, hu-. Hapo ndipo nilipoona makosa yangu yanatoka wapi.

Tuchukue -me-. Shuleni tuliambiwa ni "have" na umbo la tatu la kitenzi: nimekula, "I have eaten". Ni kweli kwa kiasi chake. Lakini mgonjwa amelala. Ukiandika "The patient has slept", umesema alipata usingizi, hujasema kwamba yuko usingizini sasa hivi. Amelala ni "is asleep" au "is sleeping". Amechoka ni "is tired". Amekaa kitandani ni "is sitting on the bed". Amevaa barakoa ni "is wearing a mask". Kwetu -me- inaweza kueleza tendo lililokwisha, na inaweza kueleza hali aliyomo mtu sasa. Kiingereza kinavitenganisha viwili hivyo, na hakuna zoezi kitabuni litakalokwambia, kwa sababu tatizo hilo ni letu sisi.

Halafu kuna jana. Kwa Kiswahili mtu anasema bila kusita, "Huyu amelazwa jana." Masomo ya 13 na 14 yanafundisha kwamba Kiingereza hakikubali. Ukishataja wakati uliokwisha, kama jana, saa nane usiku au wiki iliyopita, "have" inaondoka: "He was admitted yesterday." Nilifanya mazoezi ya masomo hayo mawili mara tatu, kila mara kwenye ukurasa mpya wa kaunta buku. Mara ya tatu nikagundua kipimo ambacho sikukisoma popote, nilikiona tu kwa kuandika Kiswahili pembeni, na sasa ndicho ninachowafundisha wanafunzi wanaokuja wodini kwa mafunzo ya vitendo.

Kanusha sentensi yako kwa Kiswahili, basi.

Nimekula, ukikanusha, ni sijala. Nilikula ni sikula. Mtoto wa miaka minne wa Kiswahili hakosei hapo. Ikija -ja-, andika "have". Ikija -ku-, andika wakati uliopita wa kawaida. Amelazwa jana: huwezi kusema "hajalazwa jana", utasema "hakulazwa jana". Basi ni "was admitted". Anatapika tangu usiku: kanusha, "hajatapika tangu usiku". Imekuja -ja-, kwa hiyo "has been vomiting since midnight". Hiyo ndiyo sentensi yangu ya asubuhi ile, na kwa mara ya kwanza nilielewa kwa nini ilikuwa na kasoro. Kiswahili kinatumia -na- pamoja na tangu, anatapika tangu usiku, anaumwa tangu Jumatatu, naishi hapa tangu 2015. Ukihamisha -na- hiyo kama ilivyo unapata "is vomiting since", na ukijua kwamba tendo lilianza zamani unakimbilia "was". Kumbe Kiingereza kinataka kamba inayounganisha mwanzo na sasa. Somo la 9 hadi la 12 yote yanahusu kamba hiyo, na tofauti ya "for" na "since" inakaa vizuri ukikumbuka kwamba "since" ni tangu Jumatatu, na "for" ni kwa siku tatu.

Kipimo hicho hakisaidii kwa amelala na amevaa. Vitenzi vya namna hiyo niliviandika orodha yake kwenye jalada la ndani la kaunta buku nikavikariri, havifiki ishirini.

Masomo manne ya kwanza nilidhani ni ya watoto, nikayaacha mpaka mwishoni. Nilikosea. Hiyo -na- yetu inabeba mizigo miwili. "Anavuta sigara" yaweza kuwa anavuta sasa hivi pale nje, au ni mvutaji. Kwa Kiswahili tutaelewana kwa muktadha, au nitasema huvuta. Kwenye historia ya mgonjwa, "He is smoking" na "He smokes" ni habari mbili tofauti, na inayomhusu daktari ni ya pili. Somo la 4 pia lina vitenzi visivyopenda "-ing", kama "know", "want", "need". Ninajua si "I am knowing". Nimesikia watu wenye shahada wakisema hivyo kwenye mikutano, kwa sababu -na- inasikika sikioni na mkono unaifuata.

Somo la 25 nalo lilinishangaza. "Nipigie daktari atakapokuja." Hiyo -taka- ina wakati ujao waziwazi, kwa hiyo tunaandika "when the doctor will come". Kiingereza hakitaki "will" baada ya "when" ya namna hiyo: "Call me when the doctor comes." "Change the bottle when the drip finishes." Mazoezi yake ni machache, na mimi ningependa yangekuwa maradufu, kwa sababu kosa hili kwetu limeota mizizi. Nilijitungia mengine thelathini kutoka maagizo tunayopeana kila siku.

Kuna mambo kitabu hiki hakitakupa. Sentensi zake nyingi ni za maisha ya Uingereza, za watu wanaokwenda likizo, wanaongoja treni, wanaozungumza kuhusu hali ya hewa. Hazinisumbui, lakini hazibaki kichwani kama sentensi za kazi yako mwenyewe. Kubwa zaidi ni kwamba kila somo linakwambia mapema linafundisha njeo gani. Ukiwa kwenye ukurasa wa hali timilifu, unajua jibu litakuwa na "have", unabaki kubadilisha kitenzi tu. Zoezi la namna hiyo linazoesha umbo, halizoeshi kuchagua, na kazini hakuna anayekutangazia njeo. Dawa imo humohumo, na watu wengi hawaifikii: karibu na mwisho kuna mazoezi ya ziada yanayochanganya masomo, kwa mfano zilizopo na zilizopita pamoja. Kwangu hayo ndiyo yenye thamani kuliko mengine yote. Mara ya kwanza nilikosa karibu nusu, wakati kwenye masomo mojamoja nilikuwa nimepata karibu yote. Nikajua nilipokuwa nimesimama kwa kweli.

Anayetazama filamu za Marekani ajue pia kwamba sikio lake litapingana na kitabu. Mmarekani anaweza kusema "I lost my key" mahali ambapo Mwingereza angesema "I've lost my key". Kitabu chenyewe kinaeleza hili kwenye nyongeza ya mwisho inayohusu Kiingereza cha Marekani. Isome mapema, itakuondolea mashaka mengi.

Kuhusu muda, nilifanya masomo mawili kwa wiki, nikawa narudia yaliyonishinda. Yote 25 pamoja na marudio yalinichukua mwaka na nusu, kwa sababu ya zamu na kwa sababu ya watoto. Nilijaribu kufanya manne kwa wiki nikaona nasahau. Kinachosaidia ni kulirudia somo baada ya siku kumi hivi, ukiwa umeanza kulisahau, na kuandika majibu tena bila kuangalia ya zamani. Usiandike kitabuni. Kaunta buku ya kwaya 3 inatosha masomo yote hayo, na kitabu kinabaki safi kwa mwingine.

Kwa asiyejua kabisa Kiingereza, hiki si cha kuanzia, maana maelezo yote ni kwa Kiingereza. Mwandishi huyohuyo ana kitabu chekundu cha wanaoanza, Essential Grammar in Use. Nilimnunulia mdogo wangu anayeingia kidato cha kwanza, na naona kinamfaa, hasa kwenye "did". Alikuwa akiandika "He did not ate" kwa hakula, na hivyo hivyo kwa hakulala, hakuja, kila mahali. Nilimwonyesha kwamba "did" imeshabeba wakati uliopita, kama -ku- katika hakula ilivyoubeba wenyewe na -li- ikaondoka. Tangu hapo akikosea anajisahihisha kabla sijasema.

Wiki iliyopita nilikabidhi zamu asubuhi. Kulikuwa na mtoto mwenye homa, nikaandika: "The child has had a fever for three days. He was given paracetamol at 2 a.m. He has not vomited since then and he is asleep now." Sista akasoma, akageuza ukurasa, akaenda kwa mgonjwa anayefuata bila kuniuliza kitu. Sasa niko somo la 26, la "can" na "could", na kaunta buku ya pili nimeshainunua.